Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upinzani wa Wayahudi dhidi ya Maangamizi (mauaji yao chini ya Wanazi), na maisha ya manusura baada ya 1945

Kwa nini Wayahudi hawakupigana?

Walipigana. Katika Ulaya Mashariki kulikuwa na makundi ya siri ndani ya mageto yapatayo 100, yaani sehemu za miji walikofungiwa Wayahudi. Wayahudi kati ya 20,000 na 30,000 walipigana msituni. Wafungwa wa Treblinka, Sobibor na Auschwitz-Birkenau waliasi ndani ya kambi zenyewe za mauaji.

Anayeuliza swali hili mara nyingi hajajiuliza: wangepigana kwa silaha gani, na wakishapigana wakimbilie wapi? Zaidi ya milioni 3 ya askari wa Kisovieti walikufa mikononi mwa Wajerumani kwa njaa, baridi na risasi. Walikuwa vijana, wanaume, wamefunzwa vita, na ni nadra mtu kuuliza kwa nini wao hawakuasi. Ndani ya geto kulikuwa na wazee, wajawazito na watoto, na mmoja akifyatua risasi waliadhibiwa wote.

Geto la Vilna (Vilnius ya leo, Lithuania) linaonyesha ugumu huo. Kundi la siri la FPO liliundwa huko Januari 1942, wiki chache baada ya Abba Kovner kutoa wito kwamba wasiende kama kondoo machinjoni. Julai 1943 Wajerumani walimdai kamanda wa kundi hilo, Yitzhak Wittenberg, la sivyo geto zima lingeangamizwa. Wakazi walitaka atolewe: kwa nini watu maelfu wafe kwa ajili ya mmoja? Wittenberg alijisalimisha, akafa akiwa kizuizini. Miezi miwili baadaye geto lilifutwa hata hivyo.

Je, upinzani ni kushika silaha tu?

Hapana, na wengi wanaolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza hupotea hapa. Geto la Warsaw lilifungwa kwa ukuta Novemba 1940, na zaidi ya watu 400,000 walibanwa humo. Mgawo wa chakula kwa Myahudi mwaka 1941 ulikuwa takriban kalori 184 kwa siku, usiotosha hata mtoto mchanga. Anayekula mgawo huo tu alikuwa na miezi michache ya kuishi. Kwa hiyo kuingiza viazi na unga kwa magendo kulikuwa upinzani, na waliofanya kazi hiyo sana ni watoto, maana waliweza kupenya kwenye matundu ya ukuta. Hata hivyo, takriban watu 83,000 walikufa kwa njaa na maradhi kabla uhamishaji mkubwa wa kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka kuanza katikati ya 1942.

Kulikuwa pia na shule za siri, majiko ya umma, sala zilizokatazwa, na uandishi.

Hayo maandishi yaliyofukiwa ardhini ni yapi?

Ni nyaraka za Oneg Shabbat, kundi la siri la geto la Warsaw lililoongozwa na mwanahistoria Emanuel Ringelblum. Walikusanya kila kitu: shajara, insha za watoto, kadi za mgawo, matangazo ya ukutani, hata karatasi za kufungia peremende. Walikuwa na dodoso la kuwahoji wakimbizi waliofika kutoka miji mingine. Hivyo walijua mapema kuliko wengi kwamba watu waliochukuliwa na magari-moshi walikuwa wakiuawa, na habari hizo zilifikishwa London kupitia vyama vya siri vya Kipoland.

Agosti 1942, uhamishaji ukiwa umepamba moto, sehemu ya kwanza ilifukiwa katika masanduku kumi ya bati chini ya jengo la shule, namba 68 mtaa wa Nowolipki. Mmoja wa vijana waliochimba, Dawid Graber, alikuwa na miaka 19, na aliacha wosia wake humo humo. Sehemu ya pili ilifukiwa Februari 1943 ndani ya madebe mawili makubwa ya maziwa.

Masanduku yalipatikana Septemba 1946. Hayakuwa yamezibwa vizuri, maji yaliingia, na karatasi nyingi zilishikana au wino ukafutika. Madebe ya maziwa yalifukuliwa Desemba 1950 yakiwa na hali nzuri zaidi, kwa kuwa yalitengenezwa kuzuia maji. Sehemu ya tatu haijapatikana hadi leo. Jumla ni kurasa zipatazo 35,000. Kati ya wanakundi walionusurika ni watatu tu: Rachel Auerbach, Hersh Wasser na mkewe Bluma. Bila Hersh, aliyekumbuka mahali palipochimbwa, huenda lisingepatikana hata sanduku moja. Ringelblum mwenyewe aliuawa Machi 1944 pamoja na familia yake.

Wapiganaji wa Warsaw walipata wapi silaha?

Kwa shida mno. Kundi la ŻOB, yaani Shirika la Kiyahudi la Mapigano, liliundwa 28 Julai 1942, siku chache baada ya uhamishaji kuanza, likiwa halina chochote. Katika majira yale ya kiangazi takriban watu 265,000 walipelekwa Treblinka. Mwishoni mwa 1942 jeshi la siri la Poland liliwapa bastola kumi. Baada ya mapigano ya Januari 1943 liliongeza kama 50 na mabomu ya mkono. Nyingine zilinunuliwa kwa magendo, moja moja, na baadhi zilikuwa mbovu. Chupa za petroli walizitengeneza wenyewe.

Kosa walilolitambua wakati wa vita ni kutegemea bastola. Bastola inafaa ngazini na chumbani, lakini mtu aliye upande wa pili wa barabara haimfikii kwa uhakika. Siku ya tano ya uasi, kamanda Mordechai Anielewicz aliandika barua kwamba bastola hazina faida, wanataka mabomu ya mkono, bunduki na baruti.

Uasi wenyewe ulikwendaje?

Wajerumani waliingia alfajiri ya 19 Aprili 1943, mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi. Ndani ya geto walibaki watu kama 50,000 hadi 60,000, na wapiganaji hawakuzidi mamia machache: ŻOB wapatao 500, na kundi jingine, ŻZW, kama 250. ŻZW walipandisha bendera mbili kwenye uwanja wa Muranowski, ya Poland na ya Wayahudi, ya buluu na nyeupe. Siku ya kwanza Wajerumani walirudishwa nyuma.

Jürgen Stroop, aliyekabidhiwa kazi hiyo, aliacha kupigania mitaa akaanza kuichoma, nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo mahandaki ya raia yalipogeuka kuwa mtego. Watu walikuwa wameyachimba kwa miezi, yakiwa na visima, umeme na akiba ya chakula, ila hakuna aliyepanga kukaa chini ya jengo linalowaka. Joto lilipanda, hewa ikaisha, na matundu ya hewa ndiyo yaliyowaelekeza askari wa kutupa gesi. Handaki la makao ya ŻOB, namba 18 mtaa wa Miła, lilizingirwa 8 Mei. Anielewicz alifia humo, akiwa na miaka 24.

Siku mbili baadaye kikundi cha waliosalia kilitoka kupitia mitaro ya majitaka hadi mtaa wa Prosta, kikiongozwa na Simcha Rotem, aliyejulikana kama Kazik. Walitoka mchana kweupe na kupandishwa kwenye lori mbele ya wapita njia. Umati ulianza kukusanyika, lori likaondoka, na wenzao waliokuwa bado chini wakaachwa. Waliachwa wakafa, na manusura walibishana juu ya uamuzi ule kwa maisha yao yote.

Stroop alitangaza mwisho 16 Mei kwa kulipua Sinagogi Kuu. Alinyongwa Warsaw mwaka 1952.

Kwa nini wajumbe wengi wa siri kati ya mageto walikuwa wanawake?

Sababu ya kwanza ni ya mwili: mwanamume Myahudi alitambulika kwa tohara, akivuliwa suruali kituoni mambo yameisha. Ya pili ni lugha, kwani wasichana wengi walisoma shule za serikali na kuongea Kipoland bila lafudhi. Walisafiri kwa vitambulisho vya kughushi kutoka geto hadi geto, wakibeba magazeti ya siri, fedha, na bastola ndani ya mikate au vikapu. Tosia Altman, Frumka Płotnicka na Chaika Grossman ndio wanaotajwa zaidi. Wawili wa kwanza hawakuuona mwisho wa vita. Grossman alikuja kuwa mbunge wa Israel.

Wafungwa wa Sobibor waliwezaje?

Kwa mpango wa kutimizwa ndani ya muda wa saa moja tu. Mwishoni mwa Septemba 1943 gari-moshi kutoka Minsk lilileta wafungwa wa Kiyahudi waliokuwa askari wa Jeshi Jekundu la Kisovieti, miongoni mwao luteni Alexander Pechersky. Kambini alimkuta Leon Feldhendler aliyekuwa ameshaunda kundi la siri. Feldhendler aliijua kambi, Pechersky aliijua vita. Ilichukua wiki tatu tu.

Walichagua 14 Oktoba, siku ambayo baadhi ya maofisa waliokuwa wakali zaidi walikuwa likizo. Kuanzia saa kumi alasiri maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi, waliitwa mmoja mmoja kwenye karakana za ushonaji na viatu: koti lako liko tayari, bwana, njoo ulijaribu. Waliitikia kwa wakati, kwa sababu ya tamaa na ile tabia yao ya kushika saa. Naibu kamanda, Johann Niemann, alifika kwa fundi nguo akiwa juu ya farasi, akapigwa shoka alipogeuzwa kupimwa koti. Nyaya za simu na umeme zilikatwa. Maofisa wapatao kumi na mmoja waliuawa.

Mpango ulikuwa wafungwa wote wajipange saa kumi na moja kama kawaida na kutoka kwa lango kuu wakiandamana, walinzi wasishtuke. Mauaji yakagunduliwa kabla, wakalazimika kukimbia kupitia senyenge na uwanja wa mabomu ya ardhini. Wengi wa waliotangulia walilipuka, na waliofuata wakapita palipokwisha kulipuka. Kati ya wafungwa 600 hivi, karibu 300 walifika msituni, na kama 50 ndio waliouona mwisho wa vita. Waliobaki kambini waliuawa wote, kisha kambi ikabomolewa na kupandwa miti.

Na Treblinka na Auschwitz?

Treblinka ilitangulia, 2 Agosti 1943. Wafungwa walikuwa wamepata nakala ya ufunguo wa ghala la silaha, na aliyekuwa na kazi ya kunyunyizia majengo dawa alinyunyizia petroli badala yake. Chini ya watu 100 walinusurika hadi mwisho wa vita.

Auschwitz-Birkenau, 7 Oktoba 1944, waliasi wafungwa wa Sonderkommando, yaani wale waliolazimishwa kuchoma maiti. Baruti yao iliibwa na wasichana waliofanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Union, kidogo kidogo, ikipita mikono mingi kwa miezi. Tanuri namba nne liliteketea na halikutumika tena. Wafungwa wapatao 450 waliuawa, wengine katika mapambano na wengine baadaye. Wanawake wanne, Róża Robota, Ala Gertner, Regina Safirsztajn na Estera Wajcblum, waliteswa kisha wakanyongwa 6 Januari 1945, wiki tatu kabla Jeshi Jekundu halijafika.

Kuishi msituni kulihitaji nini?

Silaha, jirani anayeuza au kulazimishwa kutoa chakula, na mtu anayeijua pori lenyewe. Ndugu wa Bielski, Tuvia, Asael na Zus, walikuwa watoto wa msaga nafaka kijijini huko Belarus, si watu wa mjini. Tuvia alipokea kila Myahudi aliyefika, mzee au mtoto, wakati vikosi vingi vya msituni viliwataka vijana wenye bunduki tu. Katika msitu wa Naliboki walijenga vibanda vilivyochimbwa nusu ardhini na kufunikwa magogo, wakawa na tanuri la mikate, karakana ya ngozi na viatu, mafundi bunduki na hospitali ndogo. Karakana hizo ndizo zilizowapa thamani mbele ya makamanda wa Kisovieti. Walitoka msituni kiangazi cha 1944 wakiwa zaidi ya 1,200.

Wengine walifika kwao kwa kuchimba. Katika kambi ya kazi ya Nowogródek, wafungwa walichimba njia ya chini kwa chini yenye urefu wa zaidi ya mita 200, wakificha udongo darini. Usiku wa 26 Septemba 1943 walitoka kama 250. Baadhi walipoteza mwelekeo gizani, wakarudi upande wa kambi na kupigwa risasi.

Ulaya Magharibi hakukuwa na kitu?

Kulikuwa na mitandao ya kuficha watoto Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, na wapiganaji wa Kiyahudi mijini. Tukio la kipekee ni la Ubelgiji. Usiku wa 19 Aprili 1943, siku ile ile ya Warsaw, vijana watatu walilisimamisha gari-moshi la ishirini kutoka Mechelen kwenda Auschwitz. Walikuwa na bastola moja, koleo, na taa ya chemli iliyofunikwa karatasi nyekundu ili dereva adhani ni ishara ya kusimama. Kiongozi wao alikuwa daktari Myahudi, Youra Livchitz. Wenzake, Robert Maistriau na Jean Franklemon, hawakuwa Wayahudi. Katika safari ile watu zaidi ya 200 waliruka, wengi wao kwa juhudi zao wenyewe baada ya kukata mbao za behewa kwa vifaa walivyoingia navyo. Livchitz alipigwa risasi 1944. Maistriau alinusurika kambi, na baada ya vita aliishi Kongo miaka mingi.

Kwa nini wengi walikufa baada ya kukombolewa?

Bergen-Belsen ilikombolewa 15 Aprili 1945 ikiwa na watu wapatao 60,000. Zaidi ya 13,000 walikufa baadaye. Homa ya tifasi yenye kuenezwa na chawa iliua wengi, na chakula kiliua pia. Askari wa Uingereza, kwa huruma, waligawa nyama ya kopo na maziwa mazito. Mwili uliozoea njaa kwa miezi ukipewa chakula kizito ghafla, madini ya damu hushuka kwa kasi na moyo husimama. Tumbo nalo halisagi mafuta. Madaktari walijaribu uji wa maziwa ya unga na sukari uliotumika katika njaa ya Bengal, lakini wengi waliukataa kwa utamu wake. Kulishwa kwa sindano ya mshipani kuliwatia hofu: katika kambi walikotoka, sindano ilikuwa njia ya kuua.

Kwa nini hawakurudi makwao?

Wengi walirudi, kutafuta ndugu. Walikuta nyumba zina wakazi wapya ambao hawakutaka kuondoka. Huko Kielce, Poland, 4 Julai 1946, uvumi kwamba Wayahudi wamemteka mtoto ulizua ghasia na Wayahudi 42 wakauawa, askari na polisi wakishiriki. Baada ya hapo makumi ya maelfu waliikimbia Poland kupitia mtandao wa siri wa Bricha, wakivuka milima usiku hadi Austria, Italia na Ujerumani. Naam, Ujerumani, kwa kuwa ndiko zilikokuwa kambi za Wamarekani.

Maisha ya kambi za wakimbizi yalikuwaje?

Zaidi ya Wayahudi 250,000 walipitia kambi hizo kati ya 1945 na 1952. Kambi ya mwisho, Föhrenwald, ilifungwa 1957. Mwanzoni waliwekwa pamoja na watu waliowatumikia Wanazi, hadi ripoti ya mjumbe wa Marekani, Earl Harrison, ya Agosti 1945 iliposababisha wapewe kambi zao. Walianzisha magazeti ya Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki), mafunzo ya ufundi, timu za mpira na mahakama za ndani za kuwahoji waliotuhumiwa kushirikiana na adui.

Ndoa zilikuwa nyingi ajabu, na watoto waliozaliwa vivyo hivyo. Huko Belsen gauni lililoshonwa kwa kitambaa cha mwavuli wa rubani lilipita kwa bibi harusi mmoja hadi mwingine. Tatizo zito lilikuwa la sheria ya dini: mke ambaye hakuna aliyeshuhudia kifo cha mumewe haruhusiwi kuolewa tena. Marabi walilazimika kukusanya ushahidi mmoja mmoja: nani alimwona mara ya mwisho, upande gani wa foleni, siku gani.

Waliishia nchi zipi?

Kundi kubwa zaidi lilikwenda Israel (Palestina kabla ya 1948), na wengi wao kabla ya 1948 walinaswa baharini na Waingereza. Zaidi ya 50,000 walifungwa Cyprus. Abiria zaidi ya 4,500 wa meli ya Exodus, mwaka 1947, walirudishwa hadi Hamburg kwa meli nyingine. Wengine walikwenda Marekani baada ya sheria ya 1948 ya kupokea wakimbizi, Kanada, Australia na Argentina.

Kwa wasomaji wa Kongo: zaidi ya Wayahudi 1,600 wa kisiwa cha Rhodes walipelekwa Auschwitz Julai 1944, na takriban 150 tu walinusurika. Jamaa zao walikuwa wamehamia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tangu kabla ya vita, na baadhi ya manusura waliwafuata huko.

Walilipwa fidia?

Baadhi yao, kwa masharti magumu. Mkataba wa Luxembourg wa 10 Septemba 1952, kati ya Ujerumani Magharibi na Israel, uliipa Israel marki bilioni 3 za bidhaa na huduma, na milioni 450 kwa Claims Conference, shirika lililowadai fidia manusura wa Kiyahudi. Ndani ya Israel wengi waliiona kuwa fedha ya damu, na Januari mwaka huo waandamanaji walirushia bunge mawe.

Kwa mtu binafsi, sheria ya Ujerumani ililipa marki 150 kwa kila mwezi wa kifungo. Pensheni ya afya ilitaka daktari athibitishe kwamba mateso yamepunguza uwezo wako wa kufanya kazi kwa angalau asilimia 25. Maombi mengi yalikwama hapo. Madaktari walitambua mfupa uliovunjika kwa urahisi, lakini jinamizi la kila usiku walisema limetokana na maumbile ya mtu. Wengi wa waliobaki nyuma ya Pazia la Chuma, yaani katika nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki, hawakupata kitu hadi miaka ya 1990, na wengi walikuwa wameshafariki.

Wapiganaji wenyewe walikwenda wapi?

Zivia Lubetkin na Yitzhak Zuckerman wa Warsaw walishiriki kuanzisha kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Lohamei HaGeta'ot mwaka 1949. Lubetkin alitoa ushahidi katika kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Wanazi aliyepanga uhamishaji, 1961, kesi iliyowafanya Waisraeli wengi wawasikilize manusura kwa mara ya kwanza. Marek Edelman, naye mpiganaji wa Warsaw, alibaki Poland, akawa daktari wa moyo mjini Łódź, akafa 2009. Tuvia Bielski aliishia New York, mtu asiyejulikana na majirani. Asael aliuawa vitani 1945. Feldhendler aliuawa Lublin Aprili 1945, nchi ikiwa imeshakombolewa. Kazik, aliyetajwa kuwa wa mwisho wa wapiganaji wa Warsaw, alifariki 2018.

Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyepoteza jamaa 49, hakushika bunduki. Yeye ndiye aliyehangaikia Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari hadi ukapitishwa 9 Desemba 1948. Mahakama ya kimataifa ya kwanza kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa Arusha, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu wa Rwanda, 2 Septemba 1998.

Nikitaka kutafuta jina la mtu, nianzie wapi?

Sehemu tatu, zote mtandaoni. Yad Vashem ya Israel ina majina ya waliouawa, wapatao milioni 5. Arolsen Archives ya Ujerumani ina kadi za kambi na za wakimbizi, zinazogusa watu wapatao milioni 17.5. USC Shoah Foundation ya Marekani ina ushuhuda wa video zaidi ya 50,000, ukiwemo wa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Ukikosa, usikate tamaa kwa jaribio la kwanza. Jina moja huandikwa Kipoland, Kijerumani, Kirusi na Kiyidi kwa tahajia tofauti. Mji nao hubadilika: Lwów, Lemberg na Lviv ni mji mmoja. Tarehe za kuzaliwa usiziamini sana: watoto walijiongezea miaka mbele ya madaktari wa SS ili wahesabiwe wafanyakazi, kisha wakajipunguzia kambini mwa wakimbizi ili wapate nafasi za yatima za kwenda ng'ambo. Anza na mji na jina la baba, halafu panua miaka mitano kila upande.